Hela Zangu, Kodi Yake

Jumatatu, 3 Machi

Nimeibiwa! Mchana kweupe! Na mwizi ni jimbo la Illinois.

Nilikwenda kwa Bi Marge Tillotson, anayetutengenezea hesabu za kodi mtaa mzima pale sebuleni kwake, paka wake akiwa amelalia karatasi za watu. Nikamweleza taratibu. Mwaka jana, kwenye meli ya kamari pale mtoni, nilishinda dola elfu kumi na nane. Kwenye meli hiyo hiyo, mashine zile zile, nilipoteza elfu kumi na tisa. Hata mtoto wa darasa la kwanza anaona kwamba nimekula hasara. Nikakaa nikisubiri pole.

Bi Marge akasema jimbo linataka dola mia nane tisini na moja. Nikamuuliza za nini. Akasema za kushinda. Na kupoteza je? Akasema Washington wana kamlango kadogo ka hasara, ingawa mimi sipenyi, lakini Springfield, kwenye serikali ya jimbo letu, hawana hata dirisha. Ukishinda wanahesabu. Ukipoteza, shauri yako.

Shauri yangu! Nilimwambia huo si uungwana. Nilisema kwa sauti, paka akakimbia. Bi Marge akaniambia nisimfokee yeye, sheria hakuitunga yeye, na kiti ninachokipigia ngumi ni cha marehemu mumewe.

Niliporudi nyumbani maji yalikuwa yanadondoka jikoni. Paa linavuja tangu majira ya majani kudondoka. Mke wangu Darlene ameweka chini yake ile sufuria kubwa ya bata mzinga. Akaniuliza akiba ya paa imefika wapi. Nikasema iko salama. Ni kweli iko salama, iko kwenye meli.

Mwisho wa kulipa ni tarehe 15 Aprili. Darlene asijue. Akijua, nitalala gereji.

Jumanne, 4 Machi

Mji mzima umekula maandazi ya jamu leo, maana kesho ni Jumatano ya Majivu. Nilikula sita kwa hasira. Kwaresima hii naacha mashine. Nimeapa. Bahati nasibu ya Malkia wa Kopa haihesabiki, kwa sababu inachezewa ukumbi wa askari wastaafu, na hata Padre Gornik hununua tikiti.

Sheria zake kila mtu hapa anazijua, lakini naziandika nione kama kuna mwanya. Ubaoni kuna karata zilizogeuzwa, kila moja na namba yake. Unanunua tikiti ya dola moja, unaandika jina lako na namba ya karata unayoitaka, unaitumbukiza kwenye pipa. Jumanne jioni Wendell Pruitt, mkuu wa ukumbi, anazungusha pipa na kuchomoa tikiti moja tu. Karata yako ikiwa Malkia wa Kopa, mfuko wote ni wako. Ikiwa nyingine, unapewa kifuta jasho, na mfuko unazidi kunona mpaka Jumanne ijayo. Mwenye jina asipokuwepo ukumbini, anapata nusu.

Leo lilitajwa jina la mama mmoja wa shule ya chekechea. Karata yake ilikuwa tisa ya shupaza. Watu wakashangilia kana kwamba tisa ya shupaza ni mjomba wao.

Duane alikuwepo. Duane Hruska, kaka wa Darlene, shemeji yangu, mtihani wangu. Hajawahi kununua tikiti hata moja. Anakuja kula kuku, anacheka, anawapiga watu mgongoni. Ngazi yangu iko kwake tangu kiangazi. Alinipiga mgongoni, akaniambia, "Shemeji, hela yako haikai nyumbani, ina miguu?" Meza nzima ikaangua kicheko.

Ningemmwagia mchuzi. Nilikuwa nimeshaumaliza.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata dawa! Bi Marge alisema, wakati akimtafuta paka, kwamba sheria inanibana kwa sababu nacheza kwa kujifurahisha. Mtu ambaye kamari ni kazi yake, huyo hasara zake zinatolewa kama fundi anavyotoa bei ya misumari.

Kujifurahisha! Nani alijifurahisha? Mimi nilikuwa nikitoka kwenye meli ile nimekunja uso kuliko nilivyokuwa nikitoka kiwandani. Basi ni kazi.

Nimechapisha kadi. Kadi nzuri, nzito, zina picha ya kete. NORBERT VIDMAR, MCHEZA KAMARI WA KITAALAMU. Sanduku zima. Nikazigawa jioni kwenye mlo wa samaki wa Ijumaa ya Kwaresima, pale ukumbi wa chini ya kanisa, maana mtu wa kazi hujulikana kwa watu wake. Nilimpa Wendell. Nilimpa mwenye duka la matairi. Kwa bahati mbaya, gizagiza la foleni, nilimpa pia Padre Gornik. Aliisoma. Akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi. Akaniuliza kama ningependa kuungama kabla ya samaki au baada.

Darlene aliiona moja mezani. Nikasema ni mzaha wa Duane. Darlene akasema Duane hajui hata kuchapisha. Nikasema ndiyo maana imetoka vibaya.

Jumatatu, 10 Machi

Bi Marge kaikataa kadi yangu! Aliifanya alama kwenye kitabu anachosoma. Nikamwambia hiyo ni hati ya kazi. Akaniuliza nacheza siku ngapi. Nikasema Alhamisi. Akauliza na siku nyingine? Nikasema siku nyingine napumzika, kazi ni ngumu. Akaniambia mtu wa kazi anaishi kwa kamari. "Wewe, Norbert, kamari ndiyo inayoishi kwako." Mimi ni mteja wake tangu enzi za mumewe! Huo ndio mdomo wa kunipa?

Nilitembea mpaka nyumbani nikiongea peke yangu. Kwa nini nishinde ikiwa kushinda ni kosa? Mfuko wa Malkia umefika dola elfu sabini. Nikiupata, Springfield watajipakulia tena, na tikiti zote nilizopoteza miaka yote hiyo hawatataka kuzisikia. Nilisimama katikati ya barabara. Gari likapiga honi. Dereva alinitukana, nami nikamshukuru, kwa sababu hapo hapo wazo lilikuwa limeingia.

Jina! Jimbo linamtoza mwenye jina. Basi jina lisiwe langu.

Duane! Ni mstaafu, pensheni yake jimbo haliigusi, hesabu zake za kodi ni nyeupe kama shati la harusi. Naandika Duane Hruska kwenye tikiti zangu zote. Tikiti ikitoka, kodi inamwendea yeye. Mimi nachukua mfuko. Hela zangu, kodi yake! Na ngazi yangu atairudisha.

Kumwambia? Hapana. Akijua atataka fungu. Nitamwambia siku yenyewe. Ni ndugu, ataelewa.

Jumanne, 11 Machi

Nimeanza. Tikiti hamsini, zote Duane Hruska, zote karata namba arobaini na moja, namba ya kabati langu la kiwandani. Mkono uliniuma. Kuandika jina la mtu usiyempenda mara hamsini ni adhabu inayofaa kupewa wafungwa.

Tatizo dogo. Lazima Duane awepo ukumbini, la sivyo nusu inaondoka. Nikampigia simu nikamwalika kuku. Akauliza kama naumwa. Nikasema nataka tu kula na shemeji yangu. Akauliza kama Darlene anaumwa.

Alikuja. Alikula kuku mzima na viazi. Nililipa mimi. Tikiti iliyotoka ilikuwa ya mtu mwingine, karata ikawa saba ya uru.

Jumanne, 25 Machi

Huyu mtu atanifilisi! Wiki ya tatu sasa. Mara ya kwanza kuku. Mara ya pili kuku na bia. Leo alikuja na mkewe, wakaagiza pai ya cheri, akaninong'oneza kwamba pai ni zawadi ya Carol kwa sababu mimi siku hizi nimekuwa mtu mwema. Mtu mwema! Nililipa nikitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Mvua imenyesha siku nzima. Sufuria ya kwanza imejaa, Darlene ameongeza ya pili. Anapika katikati yake, anaruka kama msichana anayecheza rede. Ananiuliza fundi anakuja lini. Nikamwambia mafundi wote wana kazi. Akasema Duane anamjua mmoja. Duane, Duane, Duane! Anamjua kila mtu, na ngazi ya kumfikisha mtu huyo juu ya paa ni yangu.

Karata ya leo, mfalme wa shupaza. Mfuko umepita laki moja.

Jumapili, 6 Aprili

Padre Gornik alihubiri mnara wa kengele. Tena! Pale nje amesimamisha ubao uliochorwa kipimajoto, rangi nyekundu inapanda kadiri sadaka inavyoingia. Tangu mwaka juzi haijapita goti. Leo akasema hata akiokota senti barabarani, inakwenda mnarani. Hata akipewa soksi siku ya kuzaliwa, ataziuza ziende mnarani. Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nina paa langu mwenyewe linalovuja, na hakuna anayenichorea kipimajoto.

Duane ameniambia Jumanne ya tarehe 15 hatakuja ukumbini, anakwenda kuvua samaki. Kuvua! Nikamwambia samaki wapo siku zote. Akasema kuku pia wapo siku zote. Ilibidi nimwahidi nyama ya mbavu. Nikaongeza kwamba ngazi anaweza kukaa nayo. Niliyasema hayo kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya kanisa.

Jumanne, 15 Aprili

Lazima niandike yote. Najikaza.

Kodi ya jimbo sijalipa, na leo ndiyo mwisho. Nilijiambia Malkia atalipa. Mfuko: dola laki moja na arobaini elfu. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama jikoni. Bi Marge alikuwa meza ya pili, anasherehekea kumaliza msimu wake. Padre alikuwa karibu na pipa. Darlene alivaa gauni lake la buluu. Duane alikuwa ubavuni kwangu anatafuna nyama ya mbavu yangu.

Wendell akazungusha. Akachomoa. Akavaa miwani. Akasoma: Duane Hruska, karata arobaini na moja.

Duane aliacha kutafuna. Akasema hajanunua tikiti. Wendell akaigeuza karata arobaini na moja. Malkia wa Kopa! Mwekundu, mzuri, ananitazama mimi!

Kelele zile sitazisahau. Nami nilikuwa juu ya kiti nikipiga mayowe, "Ni yangu! Ni yangu mimi! Nimeiandika mimi!" Wendell akasema sheria iko ukutani, mwenye jina ndiye mshindi. Nikasema nanunua mimi kila wiki, hela ni zangu. Wendell akaniuliza, kwa upole, na hilo ndilo lililonimaliza, "Sasa Norbert, kama ni yako, kwa nini uliandika jina la Duane?"

Nikafungua mdomo. Bi Marge aliweka uma chini. Alinitazama kwa macho ya mtu anayejua jibu. Watu mia tatu, na wote walikuwa wamelipa kodi zao, wengine asubuhi ile ile. Padre alitega sikio.

Nikasema, "Kwa sababu... ni shemeji yangu."

Wanawake walilia! Mwenye duka la matairi alilia! Duane alininyanyua juu kwa mikono yenye mafuta ya mbavu, akaniambia miaka thelathini alidhani simpendi. Darlene alinibusu mbele ya watu. Padre akatangaza kwamba Norbert Vidmar ana roho ya kutoa. Walinipigia makofi wamesimama. Mimi nilikuwa nalia pia, kwa sababu zangu.

Jumatano, 16 Aprili

Nimempata Duane asubuhi peke yake, gereji kwake, chini ya ngazi yangu. Nikamwambia yote. Tikiti zilikuwa zangu, jina lilikuwa ujanja tu, naomba mfuko wangu.

Sikutegemea alivyojibu. Hakukasirika. Alikwaruza kidevu, akasema alihisi kuna kitu, maana hakuna mtu anayenunua pai kwa mapenzi tu. Kisha akasema haki ni haki, kama hela ni zangu ni zangu. Twende kwa Bi Marge tuandikishe ukweli.

Nusura nimkumbatie! Tukaenda. Bi Marge, kwa uso wa mtu ambaye hajalala vizuri, akasema linawezekana. Hundi haijatoka bado. Natia sahihi kwamba mshindi wa kweli ni mimi, Duane anatia sahihi yake, mfuko unakuja kwangu. Na kodi nayo inakuja kwangu.

Nikamuuliza Springfield watachukua ngapi. Akasema karibu dola elfu saba. Washington wana lao pembeni, kubwa zaidi. Nikamuuliza kuhusu tikiti zote nilizonunua na kupoteza miaka yote hii, na kuku, na bia, na pai ya cheri, na nyama ya mbavu. Springfield watazitoa? Akasema labda ile tikiti iliyoshinda.

Dola moja!

Damu ilinipanda. Elfu saba wao, dola moja mimi! Duane akasema kwa utulivu kwamba bado ningebaki na hela nyingi, shemeji, za paa na za kukaa. Bi Marge akasema hivyo hivyo. Walikuwa wananibembeleza wote wawili kama mtoto anayekataa dawa. Nikasema Duane azichukue yeye kwa jina lake, kisha anipe kimya kimya. Duane akasema hapana, uongo hatii sahihi. Ama ni zako, Norbert, na kodi ni yako, ama ni zangu na kodi ni yangu. Chagua.

Nikapiga ngumi kiti cha marehemu. Nikasema Springfield hawatapata senti yangu hata moja! Basi ziwe zako!

Duane akauliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika! Akauliza tena. Nikasema nimeshasema! Bi Marge akanifukuza, kwa sababu mguu wa kiti ulikuwa umevunjika.

Nilifika kona ya posta ndipo nikaelewa nilichokifanya. Nikarudi mbio. Karatasi ilikuwa imeshatiwa sahihi na paka ameshailalia. Bi Marge alisema kupitia dirisha kwamba Duane alilipa kodi yake ya makisio hapo hapo akicheka, akisema kodi ya hela ya bure haiumi. Na jambo moja zaidi. Duane aliona karatasi yangu mezani, akaulizia, akanilipia na zile mia nane tisini na moja, pamoja na faini ya kuchelewa siku moja. Kisha akampigia simu dada yake kumpa habari njema.

Darlene sasa anajua. Meli, akiba, kila kitu. Hakupiga kelele. Alibeba mto wangu mpaka gereji, akauweka juu ya mashine ya kukatia majani, akauchapa chapa mpaka ukakaa vizuri.

Jumanne, 22 Aprili

Mafundi wa Duane wamemaliza paa. Siku mbili tu, wakitumia ngazi yangu. Darlene aliwapikia. Mvua imenyesha tangu mchana na jikoni hakuna hata tone. Sufuria ya bata mzinga imerudi kabatini. Nilikaa pale nikisikiliza ukimya, na ulinikera kuliko matone. Kila nikitazama juu namwona Duane.

Darlene alikuja kunipa sahani ya supu gereji. Akaniambia naweza kurudi ndani ikifika Jumapili, kama nina jambo la maana nimejifunza. Nikasema nimejifunza mengi. Akauliza lipi. Nikamwambia nimejifunza nisimwamini mtu anayekula pai ya mtu. Akachukua sahani kabla sijamaliza.

Lakini ni kweli! Nimelifikiria jambo hili usiku na mchana kati ya makopo ya rangi. Mpango ulikuwa mzuri. Mtu ndiye aliyekuwa mbaya. Duane anapenda hela, ana mke, ana mashua. Niliyemhitaji ni mtu asiye na tamaa. Mtu asiyeweza kudhulumu hata akitaka. Mtu ambaye hata wenye kodi wenyewe wanamwamkia kwa heshima.

Ukumbi umeweka ubao mpya leo, karata zote zimegeuzwa upya. Niliuza sanduku la kete zangu za fedha, nikanunua tikiti mia. Mkono unauma lakini roho imetulia kwa mara ya kwanza tangu Machi. Karata namba kumi na nne, zote mia. Mwenye jina nimeshamwalika kuku, amekubali, alifurahi sana.

Padre Stan Gornik. Kanisa halilipi kodi. Na ananipenda, alisema mwenyewe, mbele ya watu mia tatu, kwamba nina roho ya kutoa.